Waliniuliza kuhusu wiki tatu tu

Talaka niliipata Mahakama ya Mwanzo mwaka 2016, siku ya Alhamisi. Jumamosi yake asubuhi sala ya jumuiya yetu ya Wakatoliki ilikuwa zamu ya mama mmoja hapa hapa Segerea, nami nikaenda kama kawaida. Tulipomaliza sala mwenye nyumba akaniita jikoni. Huku akisuuza vikombe vya chai, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwa vile sasa nina talaka, nisijisumbue tena kupanga mstari wa Komunyo.

"Utajilia hukumu bure, mama Vero."

Nikaitikia. Sikumuuliza kasoma wapi. Miaka miwili nzima nilibaki kwenye benchi wakati wa Komunyo, nakunja magoti pembeni ili wenzangu wapite, halafu najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Naanzia hapo kwa sababu katika yote niliyopitia, hilo ndilo lililoniuma zaidi, na mpaka leo nalisikia likisemwa kwenye daladala na misibani. Talaka ya serikali peke yake haimtengi Mkatoliki na Ekaristi, yaani hiyo Komunyo. Kinachomzuia ni kuolewa au kuoa tena, au kuishi na mtu kinyumba, wakati ndoa ya kwanza Kanisa bado linaihesabu kuwa ipo. Mimi nilikuwa naishi na watoto wangu wawili na deni la kikoba, basi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inasema talaka ya kiraia ikiwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani za kisheria, malezi ya watoto au urithi, inaweza kuvumiliwa na si kosa la kimaadili. Nilisomewa maneno hayo mwaka 2018 na paroko msaidizi aliyekuwa amehamia kwetu, kijana mdogo kiasi kwamba nilimsalimu "Tumsifu Yesu Kristo" nikajizuia nisimalizie na "mwanangu". Nilikwenda kuungama. Nilipofika kwenye habari ya kutengwa, akanikatisha.

"Nani alikutenga?"

"Watu, Padre."

"Watu gani?"

Nikatafuta jina la kumpa, nikalikosa. Jumapili ile nilipanga mstari. Miguu ilitetemeka kama siku ya Komunyo ya kwanza.

Habari za talaka yenyewe nazipita haraka, maana hazina jipya kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye korido za mahakama. Tulitengana 2014. Kulikuwa na pombe, kulikuwa na mwanamke Mwanza, kulikuwa na usiku mmoja ambao watoto waliuona na wasingepaswa kuuona. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikuruhusu kukimbilia mahakamani moja kwa moja. Mgogoro unaanzia kwenye baraza la usuluhishi, na baraza likishindwa linakupa hati ya kuthibitisha kwamba limeshindwa. Sisi tulikwenda Baraza la Kata, vikao vitatu, baba Vero akahudhuria kimoja. Mahakama nayo ilitaka kujiridhisha kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Nikaeleza miaka minane, mwaka kwa mwaka, na hakimu akaandika. Nilitoka pale nikiamini nimeshakuwa bingwa wa kueleza ndoa yangu.

Kumbe hadithi niliyoijua kwa moyo, Kanisa halikuwa na haja nayo.

Yule paroko msaidizi ndiye aliyeniambia kwamba naweza kupeleka shauri kwenye mahakama ya Kanisa wachunguze kama ndoa ile ilikuwa halali. Nilikuwa nimewahi kusikia habari hizo. Shangazi yangu alikuwa akisema mambo hayo ni ya matajiri, mafaili yanapelekwa Roma, yanakaa miaka kumi, yanarudi mwenyewe umeshakufa. Si kwamba alitunga yote. Zamani hukumu ya kwanza haikutosha, ilibidi mahakama ya pili nayo ikubali. Papa Fransisko aliliondoa sharti hilo kwa barua yake Mitis Iudex Dominus Iesus ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba mwaka huo huo. Sasa hukumu moja inatosha kama hakuna aliyekata rufaa. Barua hiyo hiyo inataka huduma iwe bure kadiri inavyowezekana, na mimi niliambiwa nichangie nitakachoweza. Na hakuna haja ya faili kwenda Roma. Ndoa iliyofungwa Dar es Salaam inaweza kusikilizwa hapa hapa Dar es Salaam.

Kwanza, hata hivyo, ilibidi nifundishwe kuzungumza. Mimi nilikuwa nasema "kubatilisha ndoa". Padre akanisahihisha kila mara mpaka nikachoka naye. Kubatilisha ni kuchukua kitu kizima ukakivunja, na Kanisa linasema ndoa halali ya wabatizwa wawili, iliyokamilishwa kwa tendo la ndoa, hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuifungua isipokuwa kifo. Wanachofanya ni kuangalia nyuma, siku ile mbele ya altare, kama kile kinachoifanya ndoa iwe ndoa kilikuwepo. Kama hakikuwepo, wanatangaza kwamba ilikuwa batili tangu mwanzo. Jirani yangu mama Zuhura, ambaye ameachika mara moja, akakaa eda yake akamaliza, akaolewa tena na maisha yakaendelea, nilipomweleza haya aliweka beseni chini.

"Kwa hiyo mnaishi miaka minane, mnazaa wawili, halafu mnaambiwa hamkuoana?"

"Inaweza kuwa hivyo."

"Nyie watu mna kazi."

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Sina hakika kama ninalo hata sasa.

Maelezo yangu ya kwanza niliyaandika usiku, kwa wiki nzima, kwenye daftari la kaunta nililolichukua dukani Gerezani ninakotunza hesabu za vipuri. Kurasa kumi na moja. Kila kitu kilikuwemo: pombe, Mwanza, ada za shule alizokunywa, mpaka namba ya simu ya yule mwanamke. Padre akasoma yote mbele yangu, taratibu, akafunga daftari.

"Haya yote yametokea baada ya harusi."

"Ndiyo, Padre."

"Niandikie ya kabla."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Niliona ananifanyia inda. Mtu amenipiga, wewe unaniuliza habari za uchumba! Ilinichukua karibu mwezi kushika kalamu tena, na nilipoishika niligundua kwamba ya kabla hayajai hata kurasa mbili, maana kati ya siku baba alipojua na siku niliyovaa shela zilikuwa wiki tatu.

Mwaka 2006 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimemaliza cheti cha uhasibu, sina kazi, naishi kwa wazazi Mbagala. Baba alikuwa mstaafu wa reli na mwenyekiti wa kigango, yaani tawi la parokia, mtu ambaye watoto wa mtaa walikuwa wakimwona anakuja wanaficha kishada. Mimba ilikuwa inaingia mwezi wa nne. Mama alinigundua yeye mwenyewe, akakaa na siri siku mbili, akamwambia baba Jumapili baada ya Misa.

Baba hakupiga kelele. Alimaliza ugali wake, akanawa, akaniuliza neno moja tu: "Nani?" Nikamtajia. Akasimama, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akazungushia Jumamosi moja ya Septemba kwa kalamu. Kalamu ilikuwa haitoi wino vizuri, akarudia duara mara tatu. Jumatatu alfajiri akapanda basi kwenda karakana ya Kurasini alikokuwa anafanya kazi huyo mwenzangu. Sijui waliongea nini. Niliona matokeo tu: jioni alikuja na wajomba zake wawili, wamevaa makoti na jua lile.

Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani Jumapili zilizofuata. Mafundisho ya ndoa, ambayo wenzetu waliyafuata kwa miezi, sisi tulipewa jioni nne. Paroko wa wakati huo alimheshimu sana baba. Fundi cherehani alifumua gauni pembeni mara mbili, mara ya pili akaongeza kipande cha satini chini ya kwapa, rangi haikulingana sawasawa, ikabidi nishikilie shada la maua upande ule kwenye kila picha. Ukiziangalia picha zile utadhani naumwa mkono.

Niliambatanisha hati ya talaka, cheti cha ndoa, cheti kipya cha ubatizo na majina ya mashahidi. Ushauri kwa anayeanza: mashahidi wanaotakiwa ni wale waliokujua wakati wa uchumba na harusi. Wale waliokupokea umevimba jicho mwaka wa sita wanaweza kusaidia, ila si wao watakaobeba shauri. Mimi orodha yangu ya kwanza ilijaa majirani wa Segerea, ambao mwaka 2006 hata hawakuwa wananijua.

Mwenzako naye anaandikiwa. Hilo liliniogopesha, nikauliza kama akikataa yanaishia hapo. Hapana. Ana haki ya kuitwa, kujibu na kuleta mashahidi wake, lakini hana uwezo wa kulizuia shauri kwa kukaa kimya. Na kuna mtu mwingine ambaye sikutegemea kabisa kumkuta: mtetezi wa kifungo cha ndoa. Kazi yake ni kutafuta kila hoja inayoonyesha kwamba ndoa ni halali. Hayuko upande wa mume wala wa mke. Anaitetea ndoa kana kwamba nayo ni mtu aliyeshtakiwa, maana kisheria ndoa inahesabiwa kuwa halali mpaka ithibitike vinginevyo. Mwanzoni nilimchukia bila kumwona. Baadaye nilifikiri, laiti mwaka 2006 angekuwepo mtu wa kuuliza maswali kama yake.

Siku ya kuhojiwa, mwaka 2019, niliomba ruhusa dukani nikatembea kutoka Gerezani hadi mjini. Nilifika mapema mno, nikaingia kwanza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, nikakaa benchi la nyuma. Madirisha yale ya rangi, honi ya pantoni ya Kigamboni inasikika, jasho linanitiririka mgongoni. Kanisa lile limesikiliza viapo tangu 1902. Nikajiuliza vingapi vilikuwa na kalenda nyuma yake.

Kuhojiwa kwenyewe hakufanani na mahakama ya serikali. Hakuna kizimba, mwenzako hayumo ndani, hakuna wa kukukaripia. Majaji ni watatu, lakini aliyenihoji alikuwa mmoja, na pembeni mwandishi aliyekuwa anaandika kila nilichosema. Niliapa kwa kushika Biblia. Nilikuwa nimejiandaa kuhusu mimba, kuhusu baba, kuhusu kila kitu. Swali la kwanza la maana likawa hili:

"Neno harusi, nani alilitamka wa kwanza?"

Nikafikiri. Mwenzangu hakuwahi kulitamka. Mimi sikuwahi. Hata baba hakulitamka, alichora duara.

"Kama ungekataa, ingekuwaje?"

Hapo nilinyamaza muda mrefu mpaka mwandishi akaweka kalamu chini. Kisha likanitoka jambo ambalo sikuliandika popote, kwa sababu nyumbani kwetu lilikuwa halisemwi. Mwaka 1999 dada yangu mkubwa alipata mimba. Baba hakumpiga. Alimwambia nyumba hii haina nafasi ya watu wawili zaidi. Nilirudi shule nikakuta begi lake la bluu barazani, limefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu zipu ilikuwa mbovu. Akaenda kwa shangazi Morogoro. Jina lake halikutajwa tena mezani mpaka baba alipofariki, 2013. Wiki tatu zile za mwaka 2006, kila nilipopita barazani nililiona begi lile pale, na halikuwepo.

Jaji hakusema pole. Aliuliza begi lilikaa siku ngapi barazani. Siku mbili, nikamjibu.

Halafu akafungua faili akanitolea karatasi. Nilipoiona nilihisi tumbo linashuka. Ilikuwa ile fomu ya mahojiano ya kabla ya ndoa, ambayo paroko humjazia kila mmoja peke yake. Swali: je, kuna mtu yeyote anayekulazimisha kufunga ndoa hii? Jibu: hapana. Chini yake saini yangu, mwandiko wa kitoto, herufi ya mwisho imekatwa mstari kama ninavyofanya mpaka leo kwenye risiti za dukani. Mtetezi wa kifungo alikuwa ameishikilia karatasi hiyo, na haki yake. Na altareni pia niliulizwa kama nimekuja kwa hiari bila kushurutishwa, nikajibu ndiyo mbele ya watu mia tatu.

"Ulidanganya?"

"Baba alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango, Padre. Mlango ulikuwa wazi, kulikuwa na joto."

Likaandikwa.

Shahidi mkubwa alikuwa mama, na hapo ndipo shauri lilipotaka kufia. Mama alikuwa na miaka sabini na moja. Alinisikiliza, akaendelea kuchambua mchele. "Marehemu hasemwi," akasema, na hakurudia. Wiki nzima hakupokea simu yangu. Nilimwelewa. Alikuwa anaombwa aende mbele ya mapadre akaseme kwamba mume wake, aliyezikwa na kigango kizima na kwaya mbili, alimlazimisha mtoto wake kwenye sakramenti.

Aliyemtoa pale alikuwa yule yule paroko msaidizi, naye hakumhubiria. Alimsomea kanuni ya 1103 ya Sheria za Kanisa. Kwa maneno yangu, inasema ndoa ni batili ikifungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa iliyotoka nje ya mtu, hata kama hofu hiyo haikukusudiwa, ikawa mtu hana namna ya kujinasua isipokuwa kuingia kwenye ndoa. Mama alimwomba arudie kipande cha katikati.

"Hata kama haikukusudiwa," Padre akarudia.

"Hakukusudia," mama akasema. "Alidhani anatuokoa."

"Ukaseme hivyo hivyo."

Nilimpeleka kwa bajaji. Alivaa kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kana kwamba anakwenda kwenye hija. Alikaa ndani saa moja na nusu. Alipotoka hakuniambia neno, akaangalia upande wa bahari, akasema tukifika Feri mapema tutapata changu wazuri. Tukaenda Feri. Akabishana bei na muuza samaki mpaka nikaona aibu, akanunua watatu, akawabeba mwenyewe.

Kwenye benchi la kusubiri, siku tofauti, nilikutana na mama mwingine, mwalimu, tukazoeana. Ndoa yake ilikuwa nzuri miaka sita. Walichumbiana miaka miwili, walifuata mafundisho yote, walipendana kweli. Mumewe alibadilika alipohamishiwa Dodoma, akaanzisha nyumba nyingine huko. Kila nilipomsikiliza niliona yeye anastahili kuliko mimi, kwa sababu aliumizwa zaidi yangu. Tulikutana tena sokoni Karume miezi mingi baadaye, anachagua sare za shule.

"Wamesema ndoa yangu ipo," akaniambia.

Alikuwa na siku kumi na tano za kukata rufaa, hakukata. Nimelifikiria sana jambo lake. Kwa kichwa nalielewa: usaliti wa mwaka wa saba hauthibitishi kwamba siku ya kwanza kulikuwa na kasoro, na mahakama ile si ya kumpa pole aliyeonewa. Kwa moyo bado linanikwaza, na sitajifanya vinginevyo. Anapokea Komunyo, anaimba kwaya, anaishi peke yake. Akiniuliza kama ni haki, namwambia sijui, tunanunua sare.

Ushahidi ukikamilika, pande zote mbili zinaruhusiwa kuusoma. Nilidhani nitaanza na wa mwenzangu. Alikuwa amejibu kutoka Mwanza kwa kurasa mbili, na kwa mara ya kwanza tangu 2014 nilimhurumia, maana aliandika kwamba baba alipomfuata karakana alimtajia mbele ya mafundi wenzake tarehe ya harusi, na kwamba yeye hakuwa hata amejua nina mimba. Aliijua pale, amesimama na spana mkononi. Naye alikuwa na miaka ishirini na minne. Miaka yote niliamini ni yeye aliyekuja akanichukua.

Wa mama ulikuwa ukurasa na nusu, mengi ni tarehe na majina. Sentensi niliyoisoma mara nyingi ilikuwa karibu na mwisho: "Mume wangu alikuwa mtu mwema na tulimwogopa. Mimi nilimwogopa pia, ndiyo maana sikumwambia kitu siku ile, nami namwomba mwanangu anisamehe." Aliisema kwa mwandishi asiyemjua. Kwangu hajawahi kuisema, wala sijamwambia kwamba niliisoma.

Hukumu ilitoka Novemba 2020, mwaka mmoja na miezi tisa tangu nipeleke maombi. Sheria inataka shauri la kwanza lisizidi mwaka, ila mashahidi wetu walikuwa Mwanza na Morogoro na kila barua ilikuwa na safari zake. Ndoa ilitangazwa kuwa batili kwa sababu ya hofu. Siku kumi na tano zikapita, hakuna aliyekata rufaa.

Vero alikuwa na miaka kumi na mitatu, na aliipata habari kabla sijajipanga. Alikuja chumbani usiku na maswali ambayo alikuwa ameshayapanga vizuri kuliko mimi.

"Kwa hiyo mimi na Deo ni watoto wa nje?"

Hapo nilimshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeuliza mapema. Kanuni ya 1137 inawataja kuwa halali watoto waliotungwa au kuzaliwa ndani ya ndoa, hata ile iliyokuja kuonekana batili, ilimradi angalau mmoja wa wazazi aliingia kwa nia njema. Vyeti vyao vya kuzaliwa na matunzo yao serikalini havikuguswa kabisa. Nilimweleza yote hayo. Akasikiliza, halafu akauliza lile ambalo halikuwa kwenye kanuni yoyote.

"Ungeweza kukataa, ungekataa? Na mimi nikiwa tumboni?"

"Ningekuzaa, nisingeolewa."

Akafikiri. "Haya," akasema, akalala kitandani kwangu, akavuta shuka lote.

Ikabaki karatasi moja. Hukumu ya namna hii inapaswa kuandikwa kwenye kitabu cha ndoa cha parokia mlikofungia, na kwenye kitabu cha ubatizo cha kule ulikobatizwa. Barua hutumwa na mahakama, lakini mimi nilitaka kuona. Nilibatizwa kijijini kwetu Uluguru mwaka 1983, kabla hatujahamia Dar es Salaam. Januari 2021 nikapanda basi hadi Morogoro, nikalala kwa dada, asubuhi tukapanda mlima pamoja.

Paroko alikuwa ameshapokea barua. Akatoa kitabu kabatini, jalada limeliwa na mende pembeni, akafunua hadi mwaka wetu. Nikaona jina langu na mwandiko nikautambua hapo hapo: ile "r" iliyolala kama imechoka. Baba alikuwa katekista pale kabla ya reli, na ndiye aliyekuwa anamwandikia padre vitabu. Alinibatizisha, akaniandika mwenyewe. Miaka mitano nyuma yake alikuwa amemwandika dada, kwenye ukurasa mwingine. Paroko akatufunulia, dada akaangalia bila kugusa.

Kwenye safu ya maelezo mbele ya jina langu kulikuwa na tarehe ya Septemba 2006. Paroko akachukua kalamu, akaandika pembeni yake mstari mmoja na namba ya hukumu, akasubiri wino ukauke.

Simu ikaita tukiwa bado pale. Mama.

"Wameandika?"

"Wameandika, mama."

"Wamekata maandishi ya baba yako?"

"Hapana. Wameandika pembeni."

"Haya," akasema. "Mwambie dada yako aniletee magimbi."